Chumba Alichopambiwa Mkandaji: Kisa cha Ghorofa ya Tatu, Michenzani

Kazi yangu ni kukanda watu majumbani mwao. Nilianza kwa bibi yangu, shamba, aliyekuwa akikanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua. Baadaye nikasomea masaji, nikafanya kazi miaka sita kwenye hoteli za kaskazini, na sasa nina kitanda changu cha kukunja, begi la mafuta na wateja wangu, wa mjini na wa shamba, wote wanawake.

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Februari kwenye majumba ya Michenzani, mjini Unguja. Bi Mkubwa na mkazamwana wake wameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba jina lao na namba ya jumba visitajwe, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili jirani asiwatambue. Nakieleza kwa urefu kwa sababu karibu kila anayenipigia simu huniuliza, "Nitayarishe nini kabla hujaja?", na jibu la haraka ninalompa halimtoshi. Nyumba hii ilijitayarisha kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Na humo humo ndimo nilimokaribia kumwona mteja wangu akianguka sakafuni.

Bi Mkubwa

Ana miaka 63, mwalimu wa skuli aliyestaafu. Mgongo wa chini unamsumbua tangu anafundisha, bega la kulia limekaza hata kujifunga mtandio kwa nyuma ni shida. Anameza vidonge vya presha kila siku, na kisukari anacho mwaka wa kumi na moja sasa. Anaishi na mwanawe, mkewe na wajukuu watatu. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni marefu kama treni iliyosimama, na katika jumba lao ngazi ndiyo njia pekee. Bi Mkubwa hushuka akiwa na harusi, maziko au hospitali. Ndiyo maana mkandaji humfuata nyumbani.

Aliyenipigia ni mkazamwana. Aliniuliza swali lile lile: "Dada, nitayarishe nini?" Nikamjibu, "Chumba safi, shuka mbili, taulo mbili, basi." Kosa la kwanza la kisa hiki ni langu na lilianzia kwenye sentensi hiyo. Sikumuuliza mgonjwa ana nini, anameza nini, anakula saa ngapi, anasali saa ngapi. Nilimwachia ajaze mwenyewe, naye akajaza kwa alichokijua na kwa mapenzi aliyonayo kwa mama mkwe wake.

Nilichokikuta

Nilipiga hodi Ijumaa, saa nane na nusu mchana. Kitanda changu kina kilo 15 na nilikipandisha mwenyewe, kwa hiyo nilifika natweta. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya udi ilinipokea kabla ya mwenye nyumba.

Mkazamwana alikuwa ametoa chumba chake mwenyewe cha kulala. Kitanda cha futi tano kwa sita kilichochongwa maua, godoro la sponji la inchi nane, shuka jipya jeupe lenye mikunjo ya dukani, asumini zimemwagwa juu ya mito. Kabati la milango mitatu upande mmoja, meza ya vioo upande wa pili, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Chini ya dirisha, chetezo cha udi kilichojaa makaa mekundu. Miguuni pa kitanda, beseni la maji yanayofuka mvuke. Madirisha yote mawili yamefungwa, mapazia yameshushwa, pangaboi limezimwa.

"Nimeziba kila mahali, dada," akaniambia, "upepo usije ukamwingia mama."

Moyo ulinilainika. Yule mama mdogo alikuwa ameamka alfajiri kupiga deki chumba, ametuma mtoto kutafuta asumini, ameazima beseni jipya kwa jirani. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni naona kwamba karibu kila kitu alichokifanya kitaniletea taabu, na sina mdomo wa kumwambia. Sikusema. Hilo ni kosa langu la pili, na nadhani ni kubwa kuliko la kwanza.

Kitanda changu hakikuenea. Kati ya kitanda chao na kabati palibaki kama futi tatu, na kitanda cha masaji peke yake kina upana wa sentimita 70. Nikakiacha ukumbini kimefungwa, nikakubali kumkandia Bi Mkubwa kitandani.

Jambo moja nililolifanya vizuri siku hiyo ni beseni. Mkazamwana alitaka mama aanze kwa kuloweka miguu. Bi Mkubwa akakaa ukingoni, akaingiza miguu yote miwili, akatulia. "Mbona yamepoa?" akauliza. Nikachovya kiwiko changu nikakitoa hapo hapo, maana yalikuwa yanaunguza. Nikaitoa miguu yake haraka, nikaipangusa, nikaiinua mmoja mmoja kuitazama. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na kovu jeusi, mviringo, kubwa kama sarafu. Akasema ni la mwaka uliopita, chupa ya maji moto aliyolala nayo. Hakujua imemuunguza mpaka alipoona shuka limelowa usaha.

Ndivyo kisukari cha miaka mingi kinavyofanya: mishipa ya fahamu ya nyayo hufa ganzi, na mtu huketi katika maji ya kumbabua ngozi huku akiyaona baridi. Kwa mgonjwa kama huyu usimuulize "yakoje?". Mtu mwingine wa nyumbani, asiye na ganzi, achovye kiwiko chake, ayasikie ya uvuguvugu wa mwili tu. Na chupa ya maji moto isikae kabisa kwenye miguu yake.

Dakika thelathini na tano

Tulianza saa tisa na robo. Bi Mkubwa alikuwa amekula pilau saa nane, baada ya wanaume kurudi msikitini, na alikula vizuri kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Akalala kifudifudi. Kitanda changu kina tundu la uso, lakini hapa hapakuwa na tundu. Ilimbidi ageuzie shingo upande mmoja juu ya mto wa asumini, na alilala hivyo muda wote.

Mikono yangu haikuweza kazi. Godoro la sponji la inchi nane hukunyang'anya nguvu: unabonyeza mgongo, mgongo unashuka, godoro linakaa chini yake, na msuli uliotaka kuufikia unabaki ulivyo. Kitanda kipana kilinilazimisha kupanda na goti moja, na ukingo ulikuwa chini mno, nikafanya kazi nimeinama. Bi Mkubwa naye hakutulia. Meza ya vioo ilikuwa inamtazama, na kila nilipofunua sehemu ya mgongo alijiona kwenye kioo akavuta kanga. Wajukuu walifungua mlango mara mbili. Simu iliita mara nne.

Kama dakika ya ishirini kichwa kilianza kunigonga. Nikadhani ni zile ngazi. Jasho lilikuwa linanitiririka, likamdondokea mgongoni, nikalifuta kwa taulo na kuendelea.

Saa kumi kasoro dakika kumi ikaadhiniwa Alasiri. Bi Mkubwa ni mtu wa kusali mwanzo wa wakati, maisha yake yote. Alisikia "Allahu akbar" ya kwanza akaweka mikono chini ya kifua, akajiinua, akateremsha miguu, akasimama. Vyote hivyo kabla sijafuta mafuta viganjani. Nikamwona macho yakipotea. Akasema neno moja, "Mwanangu," magoti yakamlegea. Nilimdaka kwapani kwa mikono inayoteleza mafuta, tukashuka wote wawili taratibu mpaka kwenye zulia.

Nilimlaza chali, nikapandisha miguu juu ya mito, nikapiga kelele dirisha lifunguliwe na chetezo kitolewe. Nyumba ina mashine ya kupimia presha. Kawaida yake huwa kama 135 kwa 80. Ilisoma 94 kwa 56. Baada ya dakika ishirini za kulala miguu juu, hewa inapita, na maji kidogo kidogo, ilisoma 118 kwa 72. Alisali amekaa kitini. Asubuhi yake mwanawe alimpeleka kwa daktari wake, akapimwa, akaambiwa yu salama na masaji aendelee nayo, ila asiinuke ghafla tena.

Kila mtu na sababu yake

Nyumbani pale, jirani aliyekuja mbio alisema masaji yamemwamsha kitu kilicholala. Mkazamwana alijilaumu kwa kuwaacha watoto wafungue mlango: "Si nilijua, upepo." Mwanawe akanitazama mimi, na alikuwa na haki. Nilikaa siku mbili nikakipitia kisa chote tangu simu ya kwanza, na hivi ndivyo ninavyokisoma.

Kilichomwangusha hasa ni kule kuinuka. Mtu aliyelala nusu saa akikandwa, mishipa yake ya damu imetanuka, moyo umepunguza kasi. Akisimama kwa ghafla, damu huteremkia miguuni na ubongo hukosa kwa nukta chache. Kijana mzima huona nyota na ikapita. Mtu wa miaka 63 mwenye vidonge vya presha mwilini hana akiba hiyo, kwa sababu kazi ya vidonge hivyo ni kuishusha ile presha ambayo ingemwinua.

Juu ya hilo weka pilau. Baada ya mlo mzito damu nyingi huenda tumboni, na kwa watu wazima hiyo pekee inatosha kushusha presha saa moja mbili baada ya kula. Sisi tulimlaza saa moja na robo baada ya sahani, tena kifudifudi, tumbo limembana.

Juu ya pilau weka joto. Februari ni kaskazi, jua kali, na chumba kimezibwa.

Na juu ya vyote weka chetezo. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wetu wanaponipinga. Udi ni heshima ya mgeni, hakuna nyumba ya Unguja utakayoiambia isifukize. Lakini makaa yakiungua mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huishika damu mahali pa oksijeni. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Harufu nzuri iliyojaa chumbani ni ya udi. Gesi ya makaa haikupi ishara yoyote ya kukuamsha. Kichwa changu kilichokuwa kinagonga kilianza kupoa dakika kumi baada ya dirisha kufunguliwa, na mimi sikuwa nimekula pilau wala simezi dawa ya presha. Kwangu huo ni ushahidi wa kutosha.

Sasa, kwa nini mwanamke mwenye akili na mapenzi atayarishe chumba namna hiyo? Nililitafakari sana swali hili, kwa sababu aliyekosea hapa si mvivu. Alichanganya vyumba viwili anavyovijua. Cha kwanza ni chumba cha mgeni: kitanda bora kuliko vyote, shuka jipya, asumini, udi. Cha pili ni chumba cha mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani arubaini yake, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na chumba huzibwa upepo usimguse. Kukandwa, kwa wengi wetu, ndiko huko. Bibi yangu mwenyewe alikuwa akianza kazi kwa kuziba matundu ya dirisha kwa kanga. Kwa hiyo mkazamwana aliposikia "mkandaji anakuja", mikono yake ilifanya ilichofundishwa.

Ila Bi Mkubwa hakuwa mgeni katika nyumba yake, na hakuwa mzazi. Alikuwa mtu mzima mwenye presha na kisukari, anayetaka kulazwa kifudifudi saa nzima mahali pagumu, penye hewa, pa faragha, na kuinuliwa taratibu. Hicho ni chumba cha tatu, ambacho hatujarithi kwa mtu namna ya kukiandaa.

Chumba cha mjukuu

Wiki mbili baadaye walinipigia tena. Nilishangaa na nikashukuru. Safari hii niliongea na mkazamwana kwenye simu karibu nusu saa.

Jambo la kwanza nililomwomba ni chumba kitupu kuliko vyote. Akasema kilicho kitupu ni cha mwanawe wa sekondari: kitanda cha futi tatu kwa sita, rafu ya vitabu, mpira chini ya kitanda. "Dada, chumba kile hata rangi kimebanduka. Nikuingize humo?" Nikamwambia, "Mie mgeni nikimaliza kazi. Nikiwa kazini, niweke panaponipa nafasi."

Kupima nafasi tulipima kwa kanga. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa kama mita moja na sentimita kumi. Nilimwambia atandike mbili sakafuni, zigusane kwa upande mrefu. Zikikaa bila kugusa kitanda, kabati wala mlango unapofunguka, basi kitanda changu kitaenea, nami nitabakiwa na njia ya kupita kila ubavu na mahali pa kusimama kichwani pake. Njia hiyo ni finyu, na mkandaji mnene kuliko mimi angetaka zaidi, lakini inatosha. Akanitumia picha ya kanga mbili zimetandikwa kati ya kitanda cha kijana na ukuta, zimeenea na nafasi imebaki. Tangu siku hiyo kila mteja mpya namwomba picha ya kanga mbili.

Ikiwa nyumba haina nafasi hiyo, sikasiriki. Nafanya kazi chini, kama bibi alivyofanya: jamvi kwanza, juu yake blanketi mbili zilizokunjwa au godoro jembamba la inchi mbili, juu yake shuka. Kwa uso, taulo linasokotwa duara kama kata ya kubebea ndoo kichwani, mtu analaza paji la uso na mashavu juu ya kata, pua na mdomo vinakaa kwenye tundu, shingo imenyooka. Chini ni bora mara kumi kuliko kitanda cha sponji. Mzee asiyeweza kushuka sakafuni na kuinuka, huyo namkanda amekaa kitini, ameegemea meza yenye mto.

Saa tuliipanga kwa adhana. Alasiri ikisaliwa, Bi Mkubwa akae kidogo, tuanze saa kumi na robo, tumalize saa kumi na moja na nusu, na Magharibi ibaki mbali. Chakula cha mchana ale saa saba, chepesi. Hapo ndipo nilipoona uzuri wa wakati ule: wajukuu wapo uwanjani, baba yao yupo barazani, nyumba inapumua.

Udi nilimwambia afukize, tena asiache. Afukize saa moja kabla sijafika, madirisha wazi, shuka na kanga zitandwe juu ya tege la kufukizia nguo zishike harufu, kisha chetezo kitoke nje kabisa. Chumba cha kijana kinatazama nje, hakitazami ujia wa majirani, kwa hiyo dirisha linaweza kubaki wazi na pazia jepesi likashushwa. Pangaboi lizunguke polepole wala lisimpige mwenye mafuta mgongoni moja kwa moja, maana ngozi yenye mafuta hushika baridi upesi hata Februari. Kanga moja ya ziada juu ya miguu inamaliza shida hiyo.

Kuhusu mafuta kulikuwa na mazungumzo. Bi Mkubwa ana dada yake Pemba aliyemletea kichupa cha mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kwenye kiwanda cha Wawi kutokana na vikonyo vya karafuu. Alitaka apakwe yenyewe, vile vile, mgongo mzima. Nilikataa. Kinachochoma ndani yake ni yujenoli, dawa ile ile wanayotumia madaktari wa meno kutuliza jino, na ikikaa nene juu ya ngozi huiunguza. Kwa mwenye kisukari, ambaye kidonda chake hakiponi upesi, sithubutu. Kipimo changu hakizidi matone kumi kwa mililita 100 za mafuta ya nazi. Tulichanganya matano kwenye nusu chupa mbele yake, akanusa, akasema harufu ni ya kwao, ikamtosha. Mafuta ya nazi yenyewe hayahitaji mengi, yasiwe tu yamechacha. Miezi ya kusi utayakuta asubuhi yameganda chupani, kwa sababu hushikana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto, usiyaweke juu ya moto.

Na shuka jipya nilimwomba alirudishe kabatini. Mafuta ya nazi hayatoki kirahisi kwenye shuka jeupe, na usiposafisha kwa maji ya moto na sabuni nyingi, wiki ya pili linanuka ukali. Kanga kuukuu, zilizofuliwa mara mia, ndizo bora: zinanyonya, haziteleshi, na pea moja inamfunika mtu mzima, nikafunua upande ninaoukanda tu.

Jumamosi

Kijana alikuwa ameegesha kitanda chake ukutani kabla sijapiga hodi. Mkazamwana alikuwa amefunika rafu ya vitabu kwa kikoi, nadhani aibu ya rangi iliyobanduka haikumwisha, na juu ya kikoi ameweka kisahani kidogo cha asumini, mbali na pua ya mtu. Kioo hakuna. Simu zote tatu za nyumba zilikuwa jikoni.

Kitanda changu nilikipima kama ninavyokipima siku zote: nasimama wima, mikono inaning'inia, nakunja ngumi, na vifundo vya ngumi viguse juu ya kitanda. Bi Mkubwa alipanda kwa kigoda. Nilimuuliza aliyoyameza tangu asubuhi, nikatazama ndama za miguu yote miwili, kwa sababu mguu mmoja ukivimba na kuwa moto peke yake haukandwi, mtu huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ilikuwa sawa. Paja, mahali anapojidunga sindano ya insulini, sikupagusa, kwani kupakanda huiingiza dawa mwilini kwa kasi isiyotakiwa.

Mgongo ulipokea. Chini ya kiganja nilisikia ule uzi wa msuli ulio kando ya uti, wa upande wa kulia, mgumu kama kamba ya ngarawa, ambao ile Ijumaa sponji ilinizuia kuufikia. Niliuegemea kwa uzito wa mwili, polepole, nikasubiri. Baada ya dakika kadhaa ulilegea kidogo, Bi Mkubwa akavuta pumzi ndefu mpaka kanga ikainuka. Hakuvuta kanga kujifunika hata mara moja.

Tulipomaliza nilimgeuza ubavu, akakaa hivyo dakika mbili. Kisha nikamkalisha ukingoni, miguu inaning'inia, nami nimesimama mbele yake, mikono yangu nimeshaipangusa mafuta na taulo kavu. Mkazamwana alikuwa mlangoni na glasi ya maji. Dakika tatu. Nilimwomba achezeshe vidole vya miguu, akachezesha. Mashine ikasoma 122 kwa 74.

"Sasa ni saa ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja na nusu, Bi Mkubwa."

"Magharibi bado," akasema, akapokea maji, akanywa kidogo kidogo mpaka akaimaliza glasi, ndipo akaweka mguu wa kwanza kwenye kigoda.